Mahindi Ndani ya Buti

Yule mpiga gitaa wa roki, mwenye suruali ya ngozi inayombana, hawezangi kuanza wimbo bila kulamba kidole gumba na kugonga buti chini. Mwaka wa njaa ya Turkana aligonga hizo buti kwa uwanja wa kupiganisha mafahali pale Malinya. Kiingilio kilikuwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, ya mahindi ya kupelekea wenye njaa, lakini uwanja hauna ua! Wengi wakatazama bure, gorogoro zao kwapani. "Nusu lori sipeleki," dereva wa lori la msaada akanuna. Mpiga gitaa akalamba kidole, akaliza zile nyuzi mpaka Mama Khalayi, mmoja wa wale watazamaji wa bure, akashindwa kuvumilia. Huku kwetu, mwanamuziki akikukuna roho unamtuza, unambandika noti usoni. Mama hakuwa na noti. Akammwagia mahindi ndani ya kola. "Shika, mwanangu! Usiache!" Wamama wakamvamia, wakajaza mifuko, wakajaza buti. Akawa anapiga huku anatembea kama bata aliyeshiba, akicheka mpaka machozi. "Mimi nimejaa, mama! Sasa mwageni kwa lori!" Wakamwaga, wakicheza, mpaka likafurika. Dereva alipowasha injini, jamaa akamkimbilia pekupeku, akakung'uta buti zake juu ya magunia. "Peleka na haya. Lakini waambie wayaoshe!"