Damu ya shore wa mjomba Bakari, na uongo wangu wa miaka thelathini

Wakuu, salaam aleikum, na wa bara habari zenu.

Jambo hili limenichosha, leo nalimwaga hapa. Chumvi sikutia. Ningetaka kutia ningejipamba mimi, na mtaona sikujipamba.

Mimi ni mtu wa Likoni, ingawa sasa nimestaafu niko Changamwe na magoti yangu mabovu.

Miaka ya tisini mwanzoni sikuwa na kazi. Akaja daktari mmoja kutoka bara. Si wa kutibu watu, wa ndege. Tumwite Daktari Nduku. Alitaka mtu anayejua ndege wa vichaka vya nyuma ya Mtongwe, na kila aliyeulizwa alimtaja mjomba wangu Bakari, mtegaji tangu ujana wake. Mimi nikachukuliwa msaidizi.

Kulikuwa na ndege mmoja mdogo aitwaye shore, rangi ya majani makavu. Vitabu vilisema ni aina moja. Mjomba akasema ni mbili.

“Sikiza,” alimwambia Daktari. “Huyu wa mikokoni hupiga mluzi akamalizia juu. Yule wa mwituni humalizia chini. Manyoya ni sare tu. Hawaposani hawa, wallahi.”

Daktari hakumcheka. Akatueleza kwamba siku hizi manyoya pekee hayatoshi. Unatoa tone la damu ubawani, lab wanasoma DNA, inaonyesha kama hawa ni ukoo mmoja au walitengana zamani. Akamwahidi mjomba: damu ikikubaliana nawe, jina lako linaingia kwenye ripoti.

Wakuu, mjomba hakukanyaga skuli hata siku moja. Ahadi ile aliitangaza barazani mpaka wakamwita Profesa.

Sharti la Daktari lilikuwa moja. Kila ndege na sindano yake mpya na kichupa chake. Damu ya huyu isiguse ya yule.

Wiki ya pili malaria ikamlaza Daktari. Tukabaki wawili, na tulikuwa tumepata ndege watatu tu. Ikafika Ijumaa. Adhana ikalia, tukaziacha nyavu wazi, tukaenda kuswali. Hotuba siku hiyo ilikuwa ndefu, we acha tu.

Kurudi, shore wanane wananing'inia juani, shingo zimelegea.

Mjomba akachomoa kisu. Mtegaji wa kwetu hawezi kusimama akatazama ndege anakufa kibudu. Bismillah, mmoja. Bismillah, wa pili. Akamaliza wavu wa mikokoni, mbio wavu wa mwituni, kisha akarudi tena mikokoni kwa mmoja aliyekuwa bado anatapatapa. Kisu kile kile, anakipangusa kwa jani.

Mimi nikaona damu inamwagika bure, nikaikinga kwa vichupa. Kwa akili yangu, badala ya tone Daktari atapata tele! Nikaandika kila kichupa ndege wake katoka wavu gani, kwa mwandiko mzuri, nikajiona hodari.

Ndege wenyewe tuliwala. Chekeni tu.

Majibu yalichukua miezi. Barua ya Daktari ikasema damu za pande zote mbili zimeingiliana, hakuna mpaka unaoonekana, shore ni wale wale. Ndani mlikuwa na karatasi nyingine, ameniandikia mimi peke yangu: “Kuna vichupa vinaonekana kuwa na damu ya ndege zaidi ya mmoja. Mlifuata sharti?” Na chini yake, kwamba kuna kazi nyingine, ananitaka mimi.

Hapo ndipo nilipokiona tena kile kisu, kimoja kwa ndege wanane.

Nikajibu: tulifuata.

Kazi nikapata. Mjomba akapata kejeli barazani. “Profesa, na kuku wako ni aina ngapi?” Mwanzo alicheka nao. Halafu akaacha baraza. Halafu akaacha kwenda mwituni kabisa, yeye aliyekuwa akisikia mlio akakutajia ndege kabla hujageuza shingo.

Mwaka aliofariki nilikuwa nikimpelekea uji. Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba, wote wawili. Siku moja akaniuliza, “Mjomba, ile damu yaweza kukosea?”

Chumbani tulikuwa sisi wawili tu. Nilikuwa na nafasi yote.

“Damu haikosei, mjomba.”

“Haya,” akasema. “Basi ni masikio yangu.”

Wakuu, kipimo hakijui lolote zaidi ya kile kilichotiwa ndani yake. Hilo nimejifunza, nikachelewa.

Mwezi uliopita nilikwenda Mtongwe kuzika jirani. Nyumba zimejaa, lakini huko chini mikokoni nikasikia mluzi, ukamalizia juu. Nilisimama pale mpaka watu wakaniuliza kama naumwa.

Daktari yu hai, mzee kama mimi, na anwani yake ninayo. Ripoti yake bado inasema aina moja.

Nimwandikie, au nimechelewa? Semeni. Hata wa kunitukana, nafasi ipo, nitasoma yote.