Njia ya Ng'ombe Juu ya Lambo la Baba

Mimi ni mwoga. Nasema mapema ili msije mkanidai ushujaa huko mbele. Nilikuwa mwoga kabla sijaenda chuo, na waliponivika joho na kunipa shahada ya uhandisi wa ujenzi woga ukazidi, maana tangu siku hiyo watu walianza kuniamini. Nilishuka kwenye treni pale Mpanda na begi moja, na kabla sijatoka stesheni mtu wa kwanza aliyenifahamu akaniambia karibu nyumbani, injinia. Nikageuka kutazama kama nyuma yangu kuna injinia mwingine.

Kwetu ni Mwamkulu, nje kidogo ya mji. Baba alihamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani kabla sijazaliwa. Alinipa jina la mama yake, kwa hiyo hajawahi kuniita mwanangu hata siku moja. Ananiita mayu, yaani mama, na akinisikiliza ananisikiliza kama anavyosikilizwa mama. Hebu fikiria. Uwe mama wa mzee wako, halafu juu yake uwe injinia. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba hujui?

Na ilikuwa miaka mibaya ya kumaliza chuo. Waliotutangulia walikuwa wakimaliza tu wanapangiwa kazi serikalini, tena wengine wananung'unika kwamba wametupwa mikoani. Sisi tukaambiwa ajira zimefungwa, kila mtu akajitafutie. Bwenini siku za mwisho hakukuwa na mazungumzo mengine. Huyu anakwenda kwa makandarasi Dar, yule kwenye machimbo ya dhahabu, mwingine atafundisha hesabu sekondari, na mmoja aliingia kwenye mitumba bila kuona haya yoyote. Wachache waliomba nafasi za kusoma zaidi nje ya nchi. Mimi niliomba kila kitu, kwa jinsi nilivyokuwa na hofu.

Nikisema ukweli, nilichokuwa natafuta si kazi wala shahada nyingine. Nilikuwa natafuta mtu wa kukaa juu yangu. Chuoni ukikosea, mwalimu anapiga kalamu nyekundu, anakuuliza kama ulilala darasani, unarudia, na hakuna aliyekufa. Hata kazini, mhitimu mpya anatakiwa afanye kazi chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka kadhaa kabla ya kusimama mwenyewe. Mwamkulu hapakuwa na wa kukaa juu yangu isipokuwa Mungu, na yeye hasahihishi michoro.

Sikuwa nimemaliza hata wiki za kupumzika, baba akanipeleka bondeni. Alikuwa ameshawatangazia wenzake wafugaji kwamba mtoto wake atawachimbia lambo, bwawa dogo la kukinga maji ya mvua, ili kiangazi ng'ombe wasiwe wanakwenda mbali kutafuta maji. Alisimama kwenye mkondo uliokauka, akanyoosha fimbo kutoka ukingo huu hadi ule, akaniuliza kama tuta litakaa hapo. Nikamwambia nahitaji muda wa kupima. Akasema chukua muda, mayu, Jumatatu watu wanakuja na majembe.

Nilipima. Nilichimba vishimo, nikausugua udongo kiganjani, nikaviringisha vijiti vya udongo wa mfinyanzi kama walivyotufundisha. Udongo ulikuwa mzuri, na hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu nilikosa sababu ya kukataa. Kisha nikatazama chini ya mkondo nikaona nyumba.

Ilikuwa nyumba ya bibi mmoja aliyekimbia kutoka Burundi miaka ya nyuma. Alikuwa anaishi pale na wajukuu zake, analima mpunga mbele ya mlango. Kila kitu ambacho maji yakitoka kwa fujo yangekikuta kwanza, kilikuwa chake. Nilimfuata nikamweleza tunachotaka kufanya. Alinisikiliza huku anapepeta mchele, akaniuliza swali moja tu, kama lambo ni langu. Nikasema ndiyo. Akasema basi sawa, mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kirundi chao, kama ni lako. Nikarudi bondeni nikapima mara ya pili.

Kazi ya tuta la udongo iko kwenye kushindilia. Unaweka tabaka jembamba, unalowesha, unashindilia mpaka ligande, ndipo unaweka jingine. Chuoni tulisoma habari za mashine yenye gurudumu la chuma lenye meno kama miguu ya kondoo. Nilimweleza baba, nikaona uso wake unachangamka. Akaniuliza kama miguu ya ng'ombe itakuwa na ubaya gani. Jamani, nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Ng'ombe mzima ana uzito wote ule juu ya kwato ndogo, na sisi ng'ombe tunao.

Basi kiangazi chote tulishindilia kwa ng'ombe. Vijana wanamwaga udongo, akina mama wanamwagia maji, kisha kaka zangu wanaliswaga kundi zima juu ya tuta, kwenda na kurudi, wakipiga miluzi. Nilikuwa napima kwa kuchoma nondo kwenye udongo, nondo inagoma kuingia. Upande wa kulia, ambako kuna shamba la mahindi la baba, niliacha mlango wa kupitishia maji ya ziada, chini kidogo ya kimo cha tuta, ili bwawa likijaa maji yatokee huko na yasipande juu. Tuta la udongo likipitiwa na maji kwa juu limekwisha. Linakatika kama ugali.

Watu walikuja kutoka Kasokola na Nsemulwa kuja kuona. Baba alikuwa anawazungusha, anawaonyesha kwa fimbo. Mimi nilikuwa nawaza nyumba ya bibi.

Mvua zikaanza. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikwenda kutembea juu ya tuta. Nilitafuta ufa, nilitafuta unyevu upande wa chini, nilibonyeza majani kwa kidole cha mguu. Bibi alikuwa ananiona kutoka mlangoni kwake, ananipungia mkono, nami nampungia kama mtu aliyetoka kutembea tu. Kaka zangu walinitania kwamba nimechumbiwa na lambo.

Katikati ya mvua hizo ndipo majibu yangu mawili yalipofika. Kampuni moja ya ukandarasi ilinitaka niende kusimamia ujenzi wa bwawa katika wilaya moja ya mbali, peke yangu, na mshahara mzuri. Na chuo kimoja cha nje kilikuwa kimenipa nafasi ya kusoma zaidi, mambo hayo hayo ya udongo na maji, chini ya profesa aliyejulikana kwa ukali. Baba hakuona hata cha kufikiria. Alishawaambia watu shule imekwisha. Na kazi yenyewe ni bwawa, akasema, jambo ambalo nimeshalifanya.

Nikaikubali kazi, kwa mdomo. Ningepanda treni inayofuata. Nikaanza kuosha nguo za safari, na kwa sababu ya nguo hizo, na mafua kidogo, na mvua iliyokuwa inamwagika mfululizo, asubuhi mbili sikwenda kwenye tuta.

Asubuhi iliyofuata mvua ilipungua nikaenda. Mbali kidogo niliona kundi letu linavuka kwenda malishoni, na nikashangaa ng'ombe wanavyoonekana juu sana, migongo yao iko mbinguni. Hatua chache baadaye nikaelewa. Walikuwa wanapita juu ya tuta.

Walikuwa hawajapotea wala hawajaswagwa na mtu. Kiangazi kizima tuliwapandisha pale, asubuhi na jioni, na kwao ile ilikuwa imekuwa njia. Mvua ilipolainisha udongo wakaamua kuirudia, wakapandia sehemu moja na kushukia sehemu moja, mmoja nyuma ya mwingine. Kaka zangu waliwaona na hawakusema kitu, maana kwetu ng'ombe akishachagua njia hakuna anayemzuia, unamfuata. Hata miiba niliyowaambia waweke kuziba tuta waliisogeza pembeni, isije ikawachoma ng'ombe. Kwato zile zile zilizonijengea tuta zilikuwa zimelichimba, zimelikata bonde katikati ya mgongo wake. Na chini ya bonde hilo niliona maji.

Yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja kulifikia. Kule kwenye mlango wa pembeni nilikoyategemea yatokee, yalikuwa hayajafika. Njia ya ng'ombe ilikuwa imeshuka chini kuliko mlango wangu. Maji yangepita hapo kwanza, na hapo chini, sawasawa, palikuwa na nyumba ya bibi, na moshi wa jikoni unatoka.

Sijui nilikimbiaje. Nakumbuka kandambili moja ilibaki kwenye tope. Nilimkuta bibi anachochea moto, nikamwambia atoe watoto wote apande nao kule kwenye kichuguu, aache vitu. Hakuuliza. Aliniangalia usoni mara moja, akambeba mdogo na kuwaita wengine kwa Kirundi. Hofu yangu ilikuwa imeandikwa waziwazi, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na kazi.

Nikakimbia tena kwa baba. Tulijaza viroba udongo, tukaviweka kwenye lile bonde, lakini udongo ulikuwa uji, na mawingu kule juu yalikuwa yanajikusanya upya. Nilijua cha kufanya tangu nilipoyaona yale maji. Nilikuwa naogopa kukisema. Ilibidi ule mlango wa pembeni uchimbwe chini, haraka, maji yapate pa kutokea. Na yakishaanza kutoka kwenye udongo mbichi kama ule yangeuchimba yenyewe, lambo lote lingeweza kutoka na kupita katikati ya mahindi ya baba. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele.

"Baba," nikasema, "tuyaachie. Yapite shambani kwako."

Alitazama mahindi. Akatazama maji, maji yake, aliyoyatangaza kwenye kila pombe na kila msiba. Kaka yangu mkubwa akaanza kusema tungoje kwanza tuone.

Baba akamwambia, "Mama yangu amesema." Akavua viatu, akachukua jembe, akaenda akachimba yeye wa kwanza.

Maji yalitoka taratibu, kisha yakatoka kwa kishindo ambacho mpaka leo nakisikia nikiwa bafuni. Mahindi yalilala mstari kwa mstari. Mvua nyingine ilipokuja adhuhuri, ilikuta bwawa limeshuka nusu, na ile njia ya ng'ombe iko juu ya maji, imezibwa na miiba tuliyoirudisha. Bibi alirudi nyumbani kwake, akawasha moto upya.

Alasiri alikuja kwetu na bakuli la maharage, akakaa jikoni na mimi. Alisema alikuwa ananiona kila asubuhi natembea juu ya tuta, na alijua natembea kwa hofu, kwa sababu mtu anayetembea kwa raha hainami. Ile hofu yangu ilimpa usingizi. Asubuhi mbili ambazo sikuonekana, usiku wake hakulala. Kisha akauliza kwa upole, bila lawama yoyote.

"Mwana wanje, ukienda, nani atabaki kuogopa?"

Nililia mbele yake kama mtoto, naye akaniacha nilie.

Kesho yake nilimwambia baba mambo mawili. La kwanza, kazi ya kampuni siiendei, kwa sababu huko nako chini ya bwawa kutakuwa na mtu, na juu yangu hakutakuwa na yeyote. Nakwenda kusoma. La pili lilikuwa gumu zaidi. Lambo haliwezi kubaki nyuma yangu bila mtu wa kuliogopa. Tulikate kabisa, kabla sijapanda treni.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema nimemjengea ili nimbomolee. Aliuliza miaka yote ile darasani walikuwa wananifundisha nini, kama kinachofuata ni kusoma tena. Nikamwambia walinifundisha udongo na maji. Ng'ombe hawakuwemo, na bibi hakuwemo, na sijui ni vitu gani vingine havikuwemo. Jioni akaniuliza kama hao watakaonifundisha huko nao wanaogopa. Nikasema wale wazuri, ndiyo.

Tulilikata pamoja. Wenzake wafugaji hawakuja, na baadhi yao hawakumsalimia mpaka kiangazi kikaisha, ng'ombe wao wakienda mbali kutafuta maji kama zamani. Alivumilia hayo peke yake, mimi niko nchi ya watu natetemeka kwa baridi, profesa ananipigia kalamu nyekundu na kunitukana. Sijawahi kufurahia matusi kama yale.

Niliporudi nilimkuta amezeeka. Alichukua fimbo akanipeleka bondeni. Tuta lilikuwa limebaki vipande viwili, na nyasi zimeota. Kundi lilikuwa linavuka. Ng'ombe walikuwa wanapanda kipande cha kwanza, wanashuka kwenye pengo, wanapanda cha pili, wakati pembeni kulikuwa na uwanda mtupu wa kupita. Wengi wao walizaliwa mimi sipo. Kule chini nyumba ya bibi ilikuwa na bati jipya.

Baba aliegemea fimbo yake.

"Sasa mayu, woga umekwisha?"

Nikamwambia hapana, baba. Umezidi. Sasa najua vitu vingi zaidi vya kuogopa.

"Basi tuanze lambo jipya," akasema, na akaanza kushuka kuelekea kwa bibi, kumwambia yeye kwanza.