Mikono ya Mwalimu na Kipima Mionzi

Nikisikia mvua ya masika ikipiga mabati, huikumbuka maabara ya chuo chetu kidogo kule Nyamira, na mzee aliyenifundisha kazi. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa mtu wa kutoka kando ya ziwa. Alikuwa amekaa kwetu miaka mingi hata Ekegusii anakisikia vizuri, ila kukizungumza alikataa, alisema hataki kutuchekesha bure. Nazitamani siku zile kuliko ninavyopenda kukiri.

Kazi yetu ilikuwa kupima mawe na udongo kwa kipima mionzi ya gama. Kilikuwa na kichwa cha chuma, kikubwa kama thamosi, ndani yake kioo kinachomemeteka kila mionzi inapokipiga, na kando kisanduku cha kuhesabu mimeto hiyo. Mwaka ule waya mmoja uliachia ndani ya kichwa. Mwalimu akauchomelea upya, kisha akaenda kwao kumzika dada yake. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Alijua, nami nilijua, na hatukulitaja.

Wiki hiyohiyo mama yangu akaja kutoka Sironga na wenzake wa kikundi cha chai, pamoja na pikapu iliyojaa mbolea. Kwetu mtoto akipata kazi, ofisi yake huwa ya ukoo mzima, kwa hiyo mama hakuomba, alitangaza. Tena alitangaza kwa Kiswahili, ili mlinzi wa lango, ambaye si wa kwetu, aelewe na afungue.

"Hiyo chumba yako ndiyo haivuji," alisema. "Hii mbolea itakaa huko mpaka mvua ipunguke."

Nikayapanga magunia katika kichumba cha nyuma ya maabara, kilichotengwa kwa ukuta wa mbao, nikafunga mlango. Mwalimu hakupenda hata ufagio uwekwe mle. Kwa hiyo aliporudi sikumwambia.

Akakuta kipima kinahesabu kupita kiasi, hata bila jiwe mbele yake. Tukaanza kutafuta ugonjwa. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: badilisha kitu kimoja tu, ondoa mikono, ngoja dakika kumi, andika. Mimi nina haraka ya kuzaliwa nayo. Nikabadilisha kebo mbili kwa mpigo.

"Sasa utajuaje ni gani?" akaniuliza, akanirudisha mwanzo.

Tulikifunika kwa blanketi, labda mwanga ulikuwa unapenya. Hesabu ileile. Tukabadilisha kebo, moja moja. Ileile. Tukapima umeme, uko sawa. Angekihamishia chumba kingine angejua kabla chai yake haijapoa, lakini vyumba vingine vyote vilivuja, na kifaa kile hakikutaka unyevu. Ikabaki ile sehemu aliyoichomelea mwenyewe. Akaifungua, akachomelea tena, mkono mmoja ukiushikilia mwingine. Nilitazama pembeni. Hesabu ileile.

"Nimeunguza kitu humu ndani," alisema. "Hii mikono imeisha."

Akaandika barua ya kustaafu mapema. Mkuu wa chuo akaikubali kwa wepesi ulioniudhi sana. Mwisho wa mwezi Mwalimu akafungasha, akarudi kwao, na nafasi yake ikapewa mtu mwingine.

Mvua ilipopungua, mama na wenzake walikuja kuchukua mbolea yao. Nilikuwa bado nahesabu, kwa ukaidi tu. Wakatoa magunia machache, namba ikashuka. Wakatoa mengine, ikashuka zaidi. Lilipotoka la mwisho, ikatulia pale ilipokuwa siku zote. Mbolea ya chai ina potashi, na potashi ina mionzi yake kidogo, isiyomdhuru mtu lakini inayopita ukuta wa mbao bila hodi. Swali kuhusu jambo hilo Mwalimu aliwahi kunitungia kwenye mtihani, nikapata alama zote. Nilikaa sakafuni. Mama akaniuliza ninaumwa wapi.

Ilinichukua siku mbili kupata moyo wa kumpigia simu.

"Mwalimu, kifaa hakikuharibika," nilimwambia. "Ni mbolea ya mama. Niliiweka nyuma ya mbao ukiwa matangani. Niliiweka mimi, na nikakuficha."



"Kwa hivyo pale nilipochomelea palikuwa sawa?"

"Palikuwa sawa tangu siku ya kwanza."

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningepumua.

"Asante, mwanangu," alisema. "Unajua tangu nirudi huku nanyolewa na mke wangu? Nilikuwa naogopa kushika wembe. Kesho nitajinyoa mwenyewe."