Marekebisho Madogo Madogo

Fundi wa printa mwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka alikuwa na kazi nyingine, ambayo wateja wake wengi hawakuijua. Kwa miaka tisa alikuwa ameandika na kutunza programu ya kuhifadhi mafaili ya wagonjwa. Ilikuwa programu huria: zahanati yoyote iliichukua bure, ikaifungua na kuibadilisha ipendavyo. Aliianza mwaka ule faili la mama yake lilipopotea mara mbili, na mara zote mbili mama akaulizwa, mbele ya foleni nzima, anaumwa nini. Sasa zahanati zaidi ya mia tatu zilikuwa zikiitumia. Alizijua kwa malalamiko yao tu.

"Kaka, una watoto mia tatu," mdogo wake wa kike, mwalimu wa chekechea, alikuwa akimtania. "Na hakuna hata mmoja anayekuja kukusalimia."

Kisha mtoto wa mwalimu mwenyewe akamfia tumboni, mimba ikiwa ya miezi minane. Wiki zikapita anafundisha, anarudi nyumbani, halali. Fundi akambembeleza aende kwa mshauri wa zahanati ya mtaani. Akakataa. Yataandikwa, alisema, na kinachoandikwa husomwa.

"Yataandikwa kwenye programu yangu mimi," fundi akamwambia. "Nimeifunga kwa mikono yangu. Hakuna atakayesoma ila mshauri wako."

Akaenda. Kila Alhamisi jioni, baada ya watoto kuchukuliwa.

Barua pepe ya mtu ambaye fundi hakumjua iliingia Jumatatu moja asubuhi, ya adabu sana. Ilisema programu ina tundu. Kila mahali ambapo mtu aliweza kuandika kitu, fundi alikuwa ameweka ulinzi, ili asije mjanja akapenyeza amri za SQL, lugha ambayo programu huitumia kuomba kumbukumbu kutoka kwenye hifadhidata. Sehemu moja tu aliiacha: vichwa vya orodha, pale nesi anapobofya "jina" au "tarehe" ili wagonjwa wapangwe upya. Nani angeandika pale? Watu hubofya tu. Lakini neno lililobofywa lilisafiri kwenye anwani ya ukurasa, na anwani huandikika. Mgeni yule alikuwa ameweka amri mahali pa neno "tarehe" kwenye nakala yake ya majaribio, na hifadhidata ikamtolea kila ilichokuwa nacho.

Kufikia adhuhuri fundi alikuwa ameliziba. Mistari minne. Ikabaki taarifa ya kuambatana na toleo jipya. Desturi ya kazi ile inajulikana: unasema wazi kuna tundu, ni la hatari, badilisheni leo. Aliandika hivyo. Akayasoma maneno yake, akaziona zahanati mia tatu zikiyasoma, na uso ukamwaka. Akafuta. Akaandika: "Marekebisho madogo madogo kwenye orodha."

Mtaalamu wa kompyuta wa zahanati ya mtaani, kijana waliyemwita Miwani, aliisoma taarifa ile mezani kwake. Alikuwa ameingiza nembo ya zahanati na rangi zake ndani ya programu, kwa mkono. Toleo jipya lingefuta yote, ashinde siku nzima akiyarudisha. Kwa marekebisho madogo madogo? Akaliahirisha hadi mwisho wa mwezi.

Lakini katika programu huria kila badiliko huonekana na kila mtu. Mahali fulani mtu aliweka toleo jipya kando ya la zamani, akaiona mistari minne, akaelewa ilikuwa ikiziba nini. Kisha akaenda kuwatafuta wasiobadilisha.

Siku ya kumi na tisa, Ijumaa, mafaili ya zahanati ya mtaani yakawa mtandaoni. Kufikia mapumziko ya saa nne, kwenye geti la shule, wazazi walikuwa wakipokezana simu. Maneno ya mwalimu yalikuwemo kama alivyoyasema: kuna asubuhi natamani nisingeamka. Mzazi mmoja akauliza kama mtu wa namna hiyo anaachiwa watoto. Mwalimu mkuu akamwomba apumzike kidogo. Hakusema kidogo ni kiasi gani.

Miwani alikuja kibandani mbio, shati limemlowa.

"Bosi, uliandika madogo madogo!"

"Najua."

"Ungeandika moto, ningekimbia! Mimi nembo ndiyo niliyokuwa nailinda, bosi. Nembo!"

Fundi alifunga kibanda, akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta amekaa mezani, hajavua viatu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Siku kumi na tisa."

Akahesabu kwa vidole, kama anavyowahesabia wanafunzi wake. "Alhamisi tatu. Na zahanati iko dakika kumi kutoka kibandani kwako. Ungewaambia kwa mdomo tu, kaka."

"Niliona aibu."

"Uliona aibu," akarudia, polepole. Kisha: "Wapo wengine hawajabadilisha?"

"Karibu nusu."

"Na wana watu kama mimi mle ndani."

Akasukuma vikombe pembeni. "Kaa hapa. Andika ukweli, mimi nikikuona."

Aliandika. Mwalimu alisimama nyuma yake, akisoma. "Futa 'huenda'," akasema. Akafuta. "Hapo, sema ni wewe uliyeficha. Weka na jina lako." Akaliweka. Taarifa ikaenda, na haikupita nusu saa majibu yakaanza kuingia: tumebadilisha, tumebadilisha. Mengine yalikuwa na matusi. Aligeuka kumwonyesha. Mdogo wake alikuwa ameshafungua mlango na kuushika.

"Nenda, kaka. Usije tena mpaka nikuite. Sijui kama nitakuita."

Ni miezi saba sasa. Zahanati ya mwisho ilibadilisha mwezi uliopita. Mwalimu amehamia mji mwingine. Fundi alisikia kwa shangazi yao. Simu ikilia kibandani huiacha kalamu, au printa iliyofunguka tumbo, akatazama jina kwanza. Kisha huwajibu wateja.