Chai Kifuani mwa Mjukuu Wangu

Mara ya kwanza kumwona mjukuu wangu hewani nilidhani amekufa. Nilikuwa jikoni nachambua maharagwe, mwanangu, ambaye ndiye baba yake, akaja na simu akanishikia karibu na uso. Ndani ya simu alikuwa msichana wangu amelala kwa tumbo juu ya hewa tupu, mikono na miguu ametanua kama chura, mashavu yanapigwapigwa kama nguo kwenye kamba. Hakuna kamba iliyomshika. Chini yake hakuna kitu.

Nikasema, "Mungu wangu, msichana amekufa huko Uarabuni na wametutumia roho yake kwa simu."

"Mama, si roho. Anacheza."

"Anacheza na nani?"

"Na upepo."

Alinipigia mwenyewe jioni hiyo, akanieleza. Huko Uarabuni anafanya kazi ya kupokea wageni katika nyumba ambayo watu huja kupeperushwa. Ni bomba kubwa la kioo, refu kuliko ghala la mahindi, na upepo unatoka chini kwenda juu kwa nguvu mpaka unambeba mtu mzima. Unaingia kwa mlango, unajilaza juu ya ule upepo, unakushika. Wageni wakiisha, wafanyakazi wanaruhusiwa kuingia. Wenzake walikuwa wanaenda kulala. Yeye alikuwa anaingia bombani.

Nikamwuliza, "Sasa na sketi?"

"Shosho, huko hakuna sketi. Tunavaa ovaroli."

"Afadhali. Lakini mimi najua upepo, mami. Nikipepeta maharagwe, yenye uzito yanashuka na makapi ndiyo yanapaa. Basi wewe ni makapi."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Makapi yenye cheti, shosho!"

Kila Jumapili alinitumia picha mpya za video. Nilimwona akijifunza kugeuka kwa kuinamisha kiganja tu, kama mtu anayekataa sukari. Nilimwona akikaa hewani kama aliye kwenye kiti. Mwishowe nikamwona akisimama kichwa chini, mikono kando, ametulia tuli. Nilibeba ile simu kanisani hapa Kabazi, na ibada ikiisha nikawaonyesha wanawake wenzangu. Wengine wana wajukuu madaktari. Daktari ni kitu kizuri, sibishi. Lakini nioneshe daktari mmoja anayeweza kusimama kichwa chini juu ya hewa na asitapike.

Sasa, lazima niseme jambo moja ndipo uelewe yaliyofuata. Huyu msichana ana jina langu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike wa mwana wako anapewa jina lako, na hilo jina halipewi kama unavyompa ng'ombe jina ili umwite. Yeye ni mimi. Alipoota meno, watu walikuja kunipongeza mimi. Akikosea, baba yake alikuwa akishindwa kumchapa, anasema atampigaje mama yake. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Alipomaliza kidato cha nne, nilivaa viatu vipya, kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne.

Na kuna jingine. Ukienda safari ngumu, au mtihani, mzee wako anakutemea mate kidogo kifuani. Si kutema kwa dharau. Ni mate kidogo tu, kama anayepuliza unyoya, na ndiyo baraka. Alipokuwa anaenda Uarabuni nilimfanyia hivyo kwenye uwanja wa ndege mbele ya askari, na askari akageuka upande akajifanya hajaona.

Basi alirudi likizo. Tulichinja kuku, akala, akanisaidia kumenya viazi, halafu akaanza kusema polepole, kama mtu anayevuta uzi kwenye sweta. Kuna watu wa Nairobi wanaoruka kutoka kwenye ndege. Wanakuja Naivasha, kwenye uwanja mdogo wa ndege karibu na mashamba ya maua. Yeye amesoma na kufanya mazoezi yote bombani, lakini kutoka kwenye ndege hajaruka bado. Anataka kuruka.

"Huko kwa Waarabu hawana ndege?" nikamwuliza.

"Wanazo. Lakini mara ya kwanza sitaki kuangukia kwa wenyewe. Nataka niangukie kwetu."

"Kwetu kuna pa kuangukia pengi. Angukia pale shambani, kuna viazi vya kuchimba."

Hakucheka. Akaweka kisu chini. "Shosho, nataka unibariki. Usiponibariki siruki. Nimeshasema."

Mwanangu alinifuata nje kwa zizi la mbuzi. Yeye ni mtu wa magunia, ana duka la nafaka Rongai, na hupenda vitu vinavyokaa chini. Akaniambia, "Mama, mkataze. Mimi hanisikii. Ukikataa wewe, imeisha."

Na kweli ilikuwa imeisha. Nilirudi ndani nikasema siwezi kumtemea mtu mate ya baraka akaenda kujitupa. Bombani kuna sakafu ya wavu karibu na miguu. Kwenye ndege sakafu ni Naivasha. Msichana akasema, "Sawa, shosho." Tena akasema, "Lakini twende tu ukaone. Nimeshaandikisha nafasi, na hao watu wamenitayarishia. Tutaenda na chai."

Nikakubali kwenda. Nilijua nimeshashinda.

Tulifika mapema na pikapu ya mwanangu, umande bado uko kwenye nyasi. Nilikuwa nadhani nitakuta wanajeshi. Nilikuta vijana waliovaa nguo za rangi kama pipi, mmoja anapiga mswaki kando ya gari, wengine wamepiga magoti juu ya turubai wanakunja parachuti. Nililitambua lile turubai, ni lilelile tunaloanikia mahindi. Na walikuwa wanakunja kwa upole, wanalainisha kila kunjo kwa kiganja kama wanaomvalisha mtoto mchanga. Hilo lilinigusa kidogo.

Mwalimu wao alikuwa mwanamume wa makamo mwenye ndevu nyeupe upande mmoja kuliko mwingine. Akanisalimia, "Mathe, karibu. Wewe ndiye shosho wa bombani?" Akanieleza kwamba yeye na mwalimu mwingine wataruka na msichana, mmoja kila upande, wamemshika mpaka parachuti yake ifunguke. Yake ni ya manjano. Mgongoni iko nyingine ya akiba.

"Na hiyo ya akiba ikikataa?"

"Mathe, wewe una maswali ya bima."

Msichana alikuwa amevaa tayari, ovaroli ya buluu, mikanda mapajani na kifuani, helmeti mkononi. Akaja akasimama mbele yangu. Alifungua zipu ya kifua kidogo tu, pale panapotemewa, akangoja.

Nikatikisa kichwa.

Sasa hapa ndipo nilipokuwa nimejiandaa. Nilijua atalia, nami nina la kusema kwa kilio. Nilijua ataleta hasira, na hasira ni yangu, najua inapopita. Lakini hakufanya hivyo. Alifunga zipu, akalegeza mikanda, akaweka helmeti kwenye nyasi, akaketi kando yangu. Akafungua thamosi, akamimina chai, akanipa mimi kwanza kwa mikono miwili. Halafu akaitazama ile ndege iliyosimama mbele yetu. Aliitazama tu.

Mwalimu akaja anatembea haraka. "Anaenda ama haendi? Upepo wa ziwa ukiamka, mwanafunzi haruki tena leo."

"Haendi," msichana akasema. "Pole, boss. Shosho amekataa."

Mwanangu akapumua kama gurudumu lililotolewa upepo.

Mimi nilikuwa namwangalia msichana mguu. Kisigino chake kilikuwa kinapigapiga chini, tik tik tik, na mimi nakijua hicho kisigino. Baba yangu alikuwa kibarua kwa shamba la mzungu, na huko kulikuwa na banda la maziwa lenye paa la mabati, na chini yake nyasi kavu za ng'ombe zimerundikwa. Nilikuwa napanda juu ya lile paa naruka. Wavulana walikuwa wanashuka kwa kushikilia nguzo. Mimi naruka, sketi inanifunika uso, naingia nyasini mpaka shingoni. Siku mama yangu aliponiona alinipiga kwa mwiko akasema msichana haruki, na sikuruka tena. Lakini kila jioni nikipeleka maziwa nilikuwa nakaa chini ya lile banda natazama paa, na kisigino kinapiga. Nimelitazama mpaka nikaolewa. Hata walipolibomoa nilienda kutazama mahali lilipokuwa.

Na sasa nilikuwa nimeketi kando yangu mwenyewe, na kikombe cha chai mkononi, na nimejinyima tena.

Nikasema, "Simama."

"Shosho?"

"Simama nikubariki, kabla huo upepo haujaamka."

Mwanangu akaita, "Mama!"

"Nyamaza wewe. Nenda ukahesabu magunia."

Alisimama akafungua zipu. Nikakunja mdomo niteme, na hakuna kitu. Nakuambia mdomo ulikuwa umekauka kama gunia. Nikajaribu tena, ulimi ukagota juu ukashikamana huko. Ni woga. Nilikuwa nimeogopa tangu Kabazi na woga ulikuwa umekunywa mate yote. Ndege ikaanza kunguruma. Mwalimu anatutazama, hajui kama naugua. Msichana macho yamemtoka.

"Hayapo," nikamnong'oneza. "Mami, mate hayapo."

Ndipo nikaona kikombe mkononi mwangu. Chai yetu ni ya maziwa, imepikwa pamoja na maziwa ya mbuzi wangu mwenyewe, na wazee wetu walibariki kwa maziwa kabla hatujazaliwa. Nikavuta funda moja kubwa. Nilitaka kutema kidogo tu, kama unyoya. Lakini funda ni funda. Lilitoka lote. Lilimpata kifuani, likampata shingoni, likapata ile mikanda, na tone moja likaruka mpaka kwenye miwani ya mwalimu.

"Enda," nikasema. "Uende na urudi."

Msichana alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, chai inamchuruzika. Mwalimu akafuta miwani kwa kidole, akaanza kumkaza mikanda upya mmoja mmoja, anavuta, anaangalia, anavuta tena. Alipomaliza alinigeukia. "Mathe, si uninyunyizie na mimi. Nami ndio namshika."

Nikamnyunyizia. Yule wa pili naye akaja ameinamisha kichwa. Thamosi ilirudi nusu.

Ndege ilipaa ikazunguka, ikawa ndogo kama nzi, ikaendelea kupanda. Macho yangu hayaoni sindano, lakini mwewe anayevizia vifaranga namwona akiwa bado mbinguni. Mwanangu alijifunika uso kwa kofia, akawa ananiuliza kutoka ndani ya kofia, "Wametoka? Mama, wametoka?"

"Bado."

"Na sasa?"

Wakatoka. Nukta moja iliyoshikamana. Hakuna aliyeniambia kwamba hakutakuwa na sauti. Kitu kikianguka namna hiyo unangoja kelele, na hakuna, ni ndege wa ziwani tu wanaendelea na mambo yao. Nilijikuta nimetanua mikono. Kiganja cha kulia kilikuwa kinainama peke yake, kama nilivyomwona akifanya kwenye simu.

Halafu manjano ikafunguka, na zile nukta nyingine mbili zikaendelea kuanguka chini, zikamwacha peke yake juu. Nikapiga vigelegele ambavyo sikuwa nimepiga tangu alipozaliwa. Mwanangu akadhani ni kilio, akakaa chini kwenye umande na suruali yake ya kanisani.

Alishuka polepole, anazunguka, kama mtu asiyetaka kufika nyumbani. Akatua kwa makalio akaburuzwa kidogo na parachuti mpaka kwenye magugu. Nilikimbia. Miaka mingi sijakimbia, lakini nilikimbia, gambuti zinapiga vigimbi vya miguu. Nilipofika alikuwa amelala chali, magugu kwa nywele, doa la chai kifuani.

Nikamwuliza, "Tumeonaje huko juu?"

"Tumeona ziwa lote, shosho. Na zile nyumba za plastiki za maua zinang'aa kama sufuria mpya. Na milima ya kwetu tumeiona."

"Tuliogopa?"

"Mlangoni tuliogopa sana."

"Na baada ya hapo?"

Akafikiri. "Baada ya hapo upepo ukatushika."

Baba yake akafika, akamwinua, akampangusa magugu moja moja, kama anayetoa mawe kwenye mchele.

Doa lilikataa kutoka huko Naivasha. Nilikataa ovaroli irudi Uarabuni na uchafu, nikaiosha kwa mikono Kabazi, kwa sabuni ya kipande, nikaianika kwenye ua. Ilijaa upepo, mikono na miguu ikatanuka. Jirani yangu wa upande wa chini alisimama njiani na mzigo wake wa kuni, akaitazama sana.

"Hiyo nguo ya kuruka ni ya nani?" akauliza.

Nikamwambia, "Ni yangu."