Pisini na Kisima cha Nyumbani

Katika kila chumba cha hoteli niliyofanyia kazi Kolwezi kulikuwa na kikaratasi kitandani, kwa Kifaransa: taulo ikitundikwa, mgeni ataitumia tena, tuyalinde maji. Nilikisoma, nikakielewa, na bado nilifua taulo zote. Kwetu mgeni hapewi kitambaa alichokwisha kujifutia. Niliona ametundika kwa adabu tu, asinisumbue.

Kiangazi kimoja mgeni wa kike, aliyekuja kwa mambo ya mazingira ya migodini, akanishtaki. Meneja akaniita.

“Mama, taulo yenye mugeni anatundika, usiiguse tena. Ni mayi tunachunga. Ukirudilia, utabaki ku nyumba.”

Mchana huohuo akaamuru pisini, bwawa la kuogelea la hoteli, imwagwe na kujazwa upya. Vumbi la malori ya madini lilikuwa limeyageuza maji rangi ya chai ya maziwa, na wageni hawapendi kuona hivyo, ingawa hata yakiwa safi sijawahi kuona wakiogelea zaidi ya wawili. Pampu ikavuta maji ya ardhini mpaka jioni. Nilicheka peke yangu chumba cha kufulia, kisha kicheko kikaniishia.

Nyumba yetu iko nyuma ya ukuta wa hoteli. Kisima cha uani alikichimba marehemu baba kwa mikono, na mama anakitegemea, maana miguu yake haimfikishi kwenye bomba la mtaa. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba kila pisini ikijazwa, ndoo yetu hupanda na matope siku mbili tatu. Sikumwambia mtu.

Kesho yake nilimkuta mama na jirani yetu kisimani, wameongeza kipande cha kamba. Ndoo ikapanda na tope tupu.

“Tata yako hakuchimbaka mbali,” mama akaniambia. “Alikuwa mutu wa haraka. Nilimuambiaka.”

Baba hakuwa mtu wa haraka. Alishinda mle shimoni kiangazi kizima, na mama ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula. Nilitaka kusema kwamba ni pisini. Lakini ningesema, mama angejikokota mpaka hotelini kumwuliza meneja, na mimi ningekosa kazi. Niliona aibu, tena aibu kubwa.

Jirani akatikisa kichwa, akasema wanaume wa zamani walikuwa hivyo, kazi nusunusu.

“Ni kweli, mama,” nikamjibu mama yangu.