Sahihi ya Geji kwenye ukurasa wa mwisho wa Mapovu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndani ya stoo isiyo na dirisha, mwanamume wa miaka arobaini na minne anavaa mtungi wa hewa mgongoni, kisha anajaribu kufanya kitu ambacho mwili wa binadamu haukuumbwa kukifanya. Anapeleka mkono wa kulia juu ya bega, anaukunja nyuma ya shingo na kupapasa vali ya mtungi kwa ncha za vidole. Haifikii. Anageuka, anaegemeza mtungi ukutani, anajaribu tena.

"Hewa?" anauliza kwa sauti.

Kisha anajijibu mwenyewe: "Ipo."

Kazini wanamwita Geji, kwa sababu hawezi kukaa dakika mbili bila kutazama kipimo chake cha hewa. Amefundisha watu kuzamia kwa miaka kumi na saba katika kituo hiki hiki. Wanafunzi waliopita mikononi mwake hawapungui elfu mbili, na hakuna hata mmoja aliyezama naye akabaki chini. Mshahara wake haujaongezeka kwa miaka sita. Wageni hawajui hayo. Wanachokiona ni fulana safi yenye nembo ya kituo.

Kwa wazamiaji, kuna sheria isiyo na mjadala: hakuna kushuka peke yako. Mnashuka wawili, na kabla ya kushuka kila mmoja anamkagua mwenzake kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa kumshika. Vali ya mtungi iko nyuma ya kisogo, na mwenye kuifikia vizuri ni mwenza wako.

Mwenza wa Geji kwa miaka kumi na minne alikuwa mkufunzi mwenzake waliyemwita Mapovu.

"Alikuwa anakula hewa kama ndoo iliyotoboka," anasema Geji, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Mtungi unaonitosha saa nzima, yeye dakika arobaini kwisha habari. Namwambia, wewe unapumua au unahutubia? Ananiambia, bahili wa hewa wewe, utakufa nayo kifuani."

Mapovu alifariki miezi saba iliyopita, siku ya Jumanne, katika kina cha mita kumi na nne.

Siku hiyo Geji alikuwa kwenye bwawa la mazoezi na wanafunzi sita. Saa tano asubuhi Mapovu alikuja akachuchumaa ukingoni, akiwa ameshavaa. Bosi alitaka mnyororo wa boya la kufungia mashua ukaguliwe saa hiyo hiyo, kabla wageni wa saa sita hawajafika.

"Nikamwambia nisubiri nimalize hawa. Akasema, 'Dakika kumi na tano tu, bwana, wewe endelea na watoto wako. Nikichelewa nitakununulia soda.'" Geji anatikisa kichwa. "Watoto wenyewe watu wazima wenye mvi."

Kamba kuukuu, ambayo ilipaswa kuondolewa tangu mwaka juzi, ilinasa kwenye vali nyuma ya kisogo chake. Alijaribu kuikata, kisu chake kiliokotwa mchangani. Mtu wa pili angeitoa kamba ile kwa vidole viwili. Mapovu alikaa chini dakika arobaini kabla mtu yeyote hajauliza yuko wapi.

Taarifa ya uchunguzi ina kurasa tatu. Inasema marehemu alizama "pamoja na mwenza, kama kanuni zinavyoelekeza." Ushahidi wake ni kitabu cha kuzamia cha marehemu, ambamo kila mzamo huandikwa na kusainiwa na mwenza. Tarehe ipo, saa ya kushuka ipo, na mahali pa mwenza pana sahihi. Sahihi ya Geji.

Hapa ndipo penye kidonda. Kila Jumamosi mchana, wakufunzi hawa wawili walikuwa wakikaa kwenye benchi la stoo, wakibadilishana vitabu na kusaini kurasa tupu za wiki nzima inayokuja. Bosi alitaka vitabu vifike ofisini kila jioni, tayari kwa wakaguzi, na wao jioni walikuwa hoi. Hivyo wakasaini mapema. Walikuwa wanaaminiana.

"Mkaguzi aliniita akanionyesha ule ukurasa," anasema Geji. "Akaniuliza, 'Hii sahihi ni yako?' Nikasema ni yangu. Basi. Swali la pili hakuuliza. Na mimi sikumwambia."

Hakuuliza! Mtu amekufa, na anayelipwa kuuliza anauliza swali moja, anafunga faili. Kwenye kituo hiki si mara ya kwanza. Fundi wa kompresa ya kujazia mitungi hewa alipokatika vidole miaka minane iliyopita, taarifa ilisema "uzembe binafsi." Nahodha alipolalamika kwamba mashua inavuja, aliandikiwa barua ya utovu wa nidhamu, na wiki ya tatu mashua ikazama ikiwa imefungwa kwenye boya. Makaratasi ya hapa hayajawahi kukosea. Wanaokosea ni wafanyakazi.

Bosi alimwita Geji siku ya tatu baada ya mazishi. "Hakuna anayekulaumu," alimwambia. "Wewe tulia tu." Geji akatulia, akajua ametulia kwa faida ya nani.

Lakini kitabu kilirudishwa kwa mke wa marehemu. Aliusoma ule ukurasa wa mwisho, akaliona jina. Geji alipokwenda kumpa pole tena, mama huyo alimshika mikono yote miwili.

"Shemeji, nashukuru," alimwambia. "Angalau ulikuwa naye. Angalau hakufa kama asiye na mtu."

Geji anasema alifungua mdomo na ukweli haukutoka. Badala yake alimwambia kwamba Mapovu, mara ya mwisho, alimwonyesha ile ishara ya vidole ya wazamiaji ya kusema niko salama. Mama yule akamfundisha binti yake ishara hiyo. Tangu hapo, kila Geji akipita kuwasalimia, mtoto humwonyesha vidole kutokea mlangoni.

"Nikaanza kupita njia ya nyuma," anasema.

Kituo hakijaajiri mkufunzi wa pili mpaka leo. Geji hufundisha peke yake, hushuka peke yake, hula chakula cha mchana kwenye benchi la watu wawili. Chumbani kwake kuna kitanda, redio na jiko la gesi la pleti moja. Anasema siku nyingine hufika Jumapili jioni akagundua kwamba tangu Jumamosi mchana hajasema neno ila na muuza duka.

Na bado vitabu vinatakiwa ofisini kila jioni, na bado vinatakiwa kuwa na mwenza. Bosi alipata dawa: asaini dada wa mapokezi, ambaye hajui kuogelea.

Mwanzoni walilifanya utani.

"Kaka Geji, leo tumezama wapi?" angeuliza dada huyo akivuta kalamu.

"Mita kumi na mbili, kwenye mwamba."

"Na viatu vyangu hivi virefu?"

"Ulivishika mkononi."

Wiki tatu zilizopita alikisukuma kitabu kikarudi upande wa pili wa meza. Hakuwa anacheka.

"Kaka, mimi sisaini tena. Siku ukibaki huko chini, wataniuliza mimi nilikuwa wapi. Nitajibu nini?"

Geji alikichukua kitabu chake. Alikaa stoo hadi kituo kikafungwa, akaondoka moja kwa moja kwenda kwa shemeji yake, safari hii kwa njia ya mbele.

Alimkuta jikoni. Alimweleza akiwa amesimama: bwawa, wanafunzi sita, kurasa za Jumamosi, na ile ishara ya vidole ambayo haikuwahi kuonyeshwa. Mama huyo alizima jiko.

"Alikaa huko muda gani?"

"Dakika arobaini, shemeji."

"Na wewe ulikuwa bwawani."

"Nilikuwa bwawani."

Aliingia chumbani, akarudi na kitabu, akamwekea mkononi kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa ule.

"Futa."

"Haifutiki. Ni wino."

"Basi nenda kwa walioiamini, wakufutie wao. Kabla ya hapo nisikuone mlangoni kwangu."

Mwandishi wa makala haya alimfuata mama huyo kumuuliza kama habari hii iandikwe. Alijibu bila kuacha kupanga vyombo: "Iandikeni. Uongo umeshaandikwa, ukweli una kosa gani?"

Bosi hakupokea simu. Kupitia katibu wake, alisema suala hilo lilishafungwa.

Jumatatu hii, saa tatu asubuhi, ofisi ya wakaguzi itasikiliza maombi ya kituo ya kuongezewa muda wa kibali chake. Kituo kimemwandikisha Geji kama shahidi wa usalama. Atakwenda, lakini na maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili za mkono. Aya ya kwanza inakiri kwamba alisaini kuzama ambako hakuzama. Kwa kosa hilo cheti chake kinaweza kufutwa maisha, na hana kazi nyingine anayoijua. Ya pili inasema nani alimtuma Mapovu, saa ngapi, na nani alitaka vitabu vijazwe.

Anatumaini nini? Anakausha mapezi yake ya kuogelea kwa taulo.

"Wakiniachia cheti, nitashukuru. Wasiponiachia, sawa. Nikitoka pale nakwenda kwa shemeji kubisha hodi. Akifungua, nitamweleza tena ile siku, safari hii mwanzo hadi mwisho, na sitampunguzia kitu. Asipofungua..."

Anatundika mapezi msumarini, jozi moja karibu na msumari mtupu.

"Asipofungua, nitarudi Jumanne."